Aliyeambiwa Kabla Yangu

Mafubira, Jinja
Jumatatu, 6 Machi 1989

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nane mchana. Hakuna mteja anayetoka na kitambaa chake kwenye mvua kama hii, basi naandika. Daftari hili nimepewa na Nesi Janepher. Alinipa mawili, moja la kazi, na la pili akasema, "Hii ni yako, mama. Andika unachotaka." Tangu niache shule Senior Two sijapewa daftari na mtu.

Kwa hiyo, kama shuleni, jina kwanza. Mimi ni Shifa, binti wa marehemu Sajini Adrisi. Nilizaliwa kambini, na nyumbani kwetu tuliongea Kinubi na Kiswahili. Nashona nguo barazani kwangu. Mume wangu ni Mubaraka, zamani dereva wa lori la kiwanda cha nguo. Binti yetu Mastula ana miaka kumi na mitano.

Nesi Janepher ametoka Mbale, kwenye nyumba ya kutibu walevi iliyo chini ya mlima Wanale. Wanataka kuanzisha mahali pa kukutana huku Jinja, ila kwanza wajue mtaa huu una watu gani, wametoka wapi, wanafanya kazi gani, na wangapi pombe imewashinda. Ametafuta mtu wa kumsemea kwa watu, akanichukua mimi, kwa sababu Mafubira si ya Wasoga peke yao. Kiswahili kila mtu hapa anakijua kidogo na anakiogopa kidogo, kwa sababu ya miaka ya wanajeshi. Kikisemwa na fundi cherehani hakitishi sana.

Ana koti la mvua la kijani na viatu visivyoingiza maji. Nimeviangalia mno kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 9 Machi

Nyumba kumi na sita. Matope hadi vifundoni. Yeye hadi nyayoni tu.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeishi hapa miaka kumi na saba na nilidhani naujua mtaa wangu. Leo tumepita nyumba ya Msoga aliyekuwa karani wa kiwanda, ikafuata ya Mlugbara aliyeletwa na miwa ya Kakira, halafu ya askari jela mstaafu anayeitwa Semei, wa kabila la Wateso, na baada yake wajane watatu wanaokodi chumba kimoja. Kiwanda kilipolala, wanaume walibaki barazani. Vita vilipokwisha, wengine waliongezeka: waliokimbia, waliokimbizwa, na waliokuwa wakiwakimbiza. Sasa wote wanachota maji bomba moja.

Nikamwuliza nesi kwa nini hahesabu kila anayekunywa.

"Hapana, mama," akasema. "Mtu kukunywa, hiyo si ugonjwa. Mimi natafuta yule anaamka asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo. Yule amejaribu kuacha mara tano. Huyo hana tabia mbaya. Huyo ni mgonjwa."

Kiswahili chake kinachechemea, lakini watu wanamjibu. Mimi nikiuliza swali hilohilo kwa sarufi safi, wanaangalia miguu yao.

Jumanne, 14 Machi

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu.

Nilitaka kuiruka, akasema haiwezekani, hesabu itaharibika. Akasimama barazani kwangu kama mgeni, kalamu mkononi. Watu wangapi? Watatu. Kabila? Mnubi, na mume Mgisu. Dini? Waislamu. Kazi? Nikajibu.

"Kuna mtu hapa anaamka anatetemeka?"

Mubaraka alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Nilikuwa nimemvalisha shati mwenyewe asubuhi ile, maana vidole vyake havikuweza vifungo, na nilikuwa nimemshikia kikombe akanywa waragi, ile pombe kali ya kupikwa mtaani, kiasi cha kumtuliza. Miaka minne sasa nafanya hivyo. Najua kiasi chake cha asubuhi kama ninavyojua kipimo cha kiuno cha mteja wangu wa zamani.

"Hapana," nikasema.

Akaandika. Hakuniangalia usoni, akaniangalia mkononi. Mkono wangu ulikuwa umeshika pazia.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 18 Machi

Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Nesi Janepher barazani, na mume wangu ameketi kwenye kiti changu cha kushonea. Amenyoa. Sijui alijinyoaje bila kujikata.

"Si 'watu iko ngapi'," alikuwa anamwambia. "Sema 'watu wako wangapi'. Iko ni ya sufuria."

"Watu wako wangapi," nesi akarudia, na wote wawili wakacheka.

Mubaraka kucheka! Nilisimama na kifurushi changu cha nyuzi nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho. Ilikuwa kabla hajarudi na lile lori kutoka safari za vita, mwaka wa themanini na tatu. Miaka sita. Mimi nimefua mashuka yake miaka sita, na huyu amekuja na sarufi mbovu siku kumi na mbili.

Nesi alipoondoka nikamwuliza, "Alikuwa anataka nini?"

"Maji ya kunywa."

"Na alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nalala vizuri."

Sijawahi kumwuliza hilo. Nalala naye kitanda kimoja, nitaulizaje?

Jumatatu, 20 Machi

Nimeamua kumponya mwenyewe. Sitasubiri mgeni aje kuniandikia aibu yangu kwenye safu zake. Nimemwaga waragi yote. Nimemfungia chumbani, ufunguo uko kwenye sidiria yangu. Mastula analia. Nimemwambia siku tatu tu, damu itakuwa safi, Ramadhani itatukuta na baba mzima.

Jumanne, 21 Machi

Ametapika siku nzima. Anatoka jasho kama anayepanda mlima. Ananiita kwa jina la mama yake. Nimemfutia uso. Ni wangu kabisa.

Ijumaa, 24 Machi

Siku mbili sikuweza kuandika.

Jumatano asubuhi alianza kuona watu ukutani. Akawaomba washuke kwenye lori. Nikamshika, nikamsomea, akanisukuma. Halafu macho yakageuka, taya likakaza, mwili wote ukapiga kitanda hadi mbao ya ubavuni ikapasuka. Povu lenye damu, maana alikuwa ameng'ata ulimi. Nilipiga kelele, ila aliyetoka nje ni Mastula, na sikumtuma. Alikimbia kwenye mvua hadi anakolala nesi.

Janepher aliingia bila kupiga hodi. Alimgeuza ubavu, akaweka koti lake la kijani chini ya kichwa, akamchoma sindano. Wakati anamshika mapigo aliniuliza, bila ukali, "Tangu lini hajakunywa?"

"Tangu juzi. Nilimfungia."

"Mama, mwili yake imeegemea pombe miaka mingi. Ukiondoa ukuta mara moja, nyumba inaanguka. Kuna dawa ya kumshusha polepole, hatua kwa hatua. Ungeniambia ile siku nilikuuliza."

"Ungeandika."

"Ningeandika. Na angekuwa Mbale sasa, bila kuuma ulimi."

Wamempeleka leo kwa pikapu ya hospitali, amelala nyuma na chupa ya maji mshipani. Nilitaka kupanda. Nesi akasema wiki mbili za kwanza hakuna wa nyumbani anayekuja, ndiyo utaratibu. Yeye akapanda. Nimesimama kwenye matope nikaona kichwa cha mume wangu kwenye paja la mwanamke mwingine mpaka gari likapinda kona.

Koti lake limebaki hapa. Nimelifua. Nimelivaa pia, mara moja, chumbani. Linanibana mabegani.

Jumapili, 2 Aprili

Barua. "Mama Mastula, salaam. Sijambo. Chakula kizuri. Msalimie mtoto. Mubaraka." Nimeipindua nyuma, hakuna kitu.

Jumapili, 9 Aprili

Mfungo wa tatu. Janepher amekuja kumalizia hesabu ya mtaa. Amekaa barazani, tumejumlisha pamoja. Nyumba mia moja arobaini na tatu. Katika hamsini na moja yuko mtu ambaye pombe imemshinda. Nilidhani wengi watakuwa askari wastaafu. Kumbe wanajeshi na askari jela ni kumi na wanane. Waliobaki ni makarani, makuli, mwalimu, wanawake tisa. Na pombe yenyewe, karibu yote inapikwa na wanawake wasio na kazi nyingine. Mkubwa kati yao ni jirani yangu Khainza, ambaye mumewe Masaba ndiye mteja wake wa kwanza asubuhi.

"Ukimwondoa Khainza, watoto wake watakula nini?" nesi akasema. "Lazima uone mtaa wote, usione chupa peke yake."

Nikauliza la kwangu. "Mubaraka je?"

"Anaendelea vizuri. Juzi amesema."

"Amesema nini?"

"Ile mambo ya lori. Ya vita."

"Mambo gani?"

"Mama, hiyo ni yake. Atakuambia mwenyewe."

Akainama kujumlisha safu ya mwisho. Nilimtazama mstari wa katikati ya nywele zake, pale alipozigawa kwa chanuo, nikawaza kwamba ndani ya kichwa hicho limelala neno la mume wangu ambalo mimi sinalo. Ningeweza kukipasua kama papai.

Astaghfirullah. Nimefunga.

Jumatatu, 17 Aprili

Jana nimekwenda Mbale. Vizuizi vitatu njiani, kila kimoja tunashuka, tunaonyesha karatasi, tunapanda. "Mama, unaenda wapi?" "Kumwona mgonjwa, afande." "Mgonjwa wa nini?" Nikasema malaria.

Nyumba yenyewe ni mabanda mawili ya mabati yaliyopakwa chokaa, na shamba la vitunguu hadi kwenye miguu ya mlima. Wagonjwa thelathini hivi. Asubuhi wanapewa dawa, halafu wanalima, halafu wanaketi kwa duara na kila mmoja anasema lake. Mlinzi alinieleza hayo kwa fahari kama anayeeleza shule ya watoto wake.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameinama kwenye tuta na jembe dogo, mikono imetulia kabisa, mikono ya dereva kama zamani. Janepher alipita na karatasi zake. Mubaraka akasimama, akavua kofia. Akasimama! Mimi nikiingia chumbani hajawahi hata kuvuta miguu nipite.

Tuliketi kwenye benchi. Nilikuwa nimembebea sambusa, maana yeye hafungi kwa ajili ya dawa. Alikula tatu akasema asante.

"Unalala?" nikamwuliza. Nilikuwa nimejiandalia swali hilo njia nzima.

"Nalala."

"Umesema mambo ya lori, naambiwa."

Akaacha kutafuna. "Kidogo."

"Niambie na mimi."

Aliangalia mlima. Maji yalikuwa yanashuka kwenye jabali, mstari mweupe. "Si leo, Mama Mastula," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya mtu anayemwondoa mwuza karanga.

Nilirudi Jinja na njaa na hasira. Futari nilikula nimesimama.

Ijumaa, 5 Mei

Amerudi. Amenenepa shingo. Mastula amemrukia.

Jumapili, 7 Mei

Idi. Amekwenda kuswali na kanzu niliyomshonea. Watu wote wamenipongeza. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 16 Mei

Kila Jumanne na Jumamosi anakwenda Mpumudde, kwenye darasa moja la shule ya msingi, ambako Janepher na yule Semei wameanzisha mkutano. Semei mwenyewe ameacha pombe miezi kumi na moja na anaihesabu hiyo miezi kama mtu mwenye mimba.

Nyumbani Mubaraka anaamka mapema. Anafunga vifungo vyake. Anachemsha chai yake. Nikimpa sahani anasema asante, nikimpisha mlangoni anasema asante. Nimeolewa upya na mpangaji. Zamani nilijua kila kitu chake, alikojoa wapi, ameanguka wapi, ametukanana na nani. Sasa anatoka nadhifu, anarudi nadhifu, na kati ya kutoka na kurudi kuna watu kumi wanaomjua.

Nimemwambia Mastula mumewe asimfiche kitu atakapoolewa.

"Mama, ungependa baba arudie kulewa?"

Nilimpiga kibao. Mara ya kwanza tangu awe mkubwa.

Jumatano, 17 Mei

Mvua imepungua. Joto.

Jumanne, 23 Mei

Leo, alipokwenda Mpumudde, niliingia kwa Khainza. Alikuwa anachochea moto chini ya pipa. Masaba amelala kwenye gunia.

"Mama Mastula! Umepotea sana. Unataka nini?"

"Chupa moja ndogo."

Aliinua macho. "Ya nani? Mzee wako si ameacha?"

"Ya kukanda mguu wangu."

Alinipa. Sitajidanganya katika daftari langu mwenyewe. Mguu wangu hauna kitu.

Nimeiweka kabatini, nyuma ya wembe wake wa kunyolea.

Jumapili, 28 Mei

Nitaandika yote, hata kama itachukua kurasa zote zilizobaki.

Jumatano asubuhi Mubaraka alitoka chumbani na chupa mkononi. Aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa lakini hana hakika. Akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Nani ameleta hii?"

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini aliniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia miaka mingi, macho yote kwangu, ananitafuta mimi, na niliogopa kuipoteza namna hiyo hapohapo nilipoipata.

"Khainza," nikasema. "Aliingia jana. Labda anataka mteja wake arudi."

Akaondoka na chupa. Nilidhani anakwenda kuimwaga. Alikwenda kwa Khainza. Nilisikia kelele zake, nikasikia Khainza anaapa kwa Mungu wake na kwa watoto wake, nikasikia kitu kinavunjika. Halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonitoa barazani. Nilipofika, alikuwa ameketi kwenye gunia karibu na Masaba, kikombe kikubwa mkononi, na uso umelowa machozi. Khainza alikuwa pembeni, mikono kichwani.

"Mimi nilimkataza!" akanililia. "Amechukua mwenyewe! Mama Mastula, mwambie ukweli, mimi nilikuja kwako lini?"

Nilimshika mume wangu mkono nimpeleke nyumbani. Akaniondoa.

Alhamisi mwenyekiti wa RC, baraza letu la kijiji, alikuja na vijana wake kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba Khainza anawategea wagonjwa wa nesi. Walilitoboa pipa lake kwa shoka, wakalimimina kwenye mfereji. Mtaa mzima ulinuka. Watu ambao nimewasaidia kuhesabiwa, wale wa nyumba hamsini na moja, wengine walisimama wanapiga makofi, wengine walikuwa wanaangalia mfereji kwa huzuni ya kweli. Khainza hakulia. Aliokota bomba la shaba lililopindika akalishika kifuani.

Mubaraka hakurudi Alhamisi. Hakurudi Ijumaa. Semei alimtafuta kwa baiskeli Mpumudde, Nalufenya, mpaka Masese. Janepher aliahirisha safari ya Mbale. Alitembea mchana kutwa bila lile koti, ambalo sikuwa nimemrudishia bado.

Wamempata jana saa tano asubuhi nyuma ya maghala ya reli, kiatu kimoja, paji la uso limepasuka, baridi kama samaki. Semei alimbeba mgongoni. Yuko katika zahanati, wanamshusha polepole kwa dawa, kama awali. Daktari anasema angechelewa kupatikana, tungekuwa tunashona sanda.

Neno hilo alinitazama nalo mimi, kwa kuwa ni fundi.

Jumanne, 30 Mei

Nimesema. Kwanza kwa Janepher, kwenye ukumbi wa zahanati, kwa sababu nilimwogopa zaidi.

Nilidhani atanishika bega. Alinikasirikia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuambia wewe."

"Mimi?" Akaacha Kiswahili, akasema maneno matatu ya Kigisu, akarudi. "Mama, sikiliza. Mimi nina wagonjwa thelathini na moja. Kila mmoja ameniambia mambo nisingetaka kujua. Mzee wako, kwa daftari yangu, ni namba kumi na tisa. Unaelewa? Namba kumi na tisa! Nikifika nyumbani naomba Mungu nisahau."

Nililia. Nimejaribu leo kuelewa nililia nini. Nusu ilikuwa aibu. Nusu nyingine, Mungu anisamehe, niliumia kwamba mume wangu ni namba kumi na tisa tu.

Halafu nikaingia kwa Mubaraka. Nikamwambia, "Ile chupa niliinunua mimi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukuta. Nilikaa hapo mpaka muuguzi akanitoa.

Jumapili, 4 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa RC, nikasema mbele ya wazee wake kwamba Khainza hakuja kwangu, mimi ndiye niliyekwenda kwake, na nilisema uongo. Mwenyekiti alikuna kidevu, akasema pipa lilikuwa haramu vilevile. Kwa hiyo kwake yamekwisha.

Kwa Khainza nilisimama uani. Nilimpelekea gauni mbili za binti zake. Hakuzipokea.

"Pipa nitapata ingine," akasema. "Jina yangu nitapata wapi? Watu wanapita hapa wanatema mate."

Niliziweka gauni juu ya kamba ya nguo, nikaondoka. Baadaye nimeziona bado zinaning'inia, zimenyeshewa.

Ijumaa, 9 Juni

Mubaraka yuko nyumbani. Analala upande wa Mastula wa pazia. Mastula amehamia kwangu. Baba yake haongei nami zaidi ya salamu.

Jumatano, 14 Juni

Ameniambia, bila kuniangalia, "Jumamosi wanakaribisha wa nyumbani. Njoo."

Jumamosi, 17 Juni

Darasa la Mpumudde lina madawati ya watoto, magoti yanagonga mbao. Tulikuwa kumi na wanne. Semei alianza, akataja miezi yake kumi na miwili. Mwanamke mmoja wa Nalufenya akasema amemaliza wiki moja bila kunywa. Wakampigia makofi kama aliyejenga msikiti.

Mubaraka akasimama.

"Nimeanguka siku ishirini na nne zilizopita," akasema. "Chupa niliwekewa. Kunywa nilikunywa mwenyewe."

Sikuweza kuinua kichwa. Ndipo akaanza la lori, na nililiandika mara tu nilipofika nyumbani lisije likapungua.

Mwaka wa themanini na tatu alikuwa na marobota ya vitambaa, anapeleka ng'ambo ya Kampala. Askari walimsimamisha, wakapakia watu juu ya marobota. Ishirini na mmoja. Aliwahesabu kwenye kioo wakati wanapanda, mazoea ya dereva kuhesabu mzigo. Wakamwelekeza njia ya shamba la kahawa, wakamwambia asimame, asishuke. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Watu wakateremshwa nyuma yake.

"Nilikanyaga mafuta," akasema. "Gari limesimama, nikaungurumisha injini mpaka mwisho, ili nisisikie. Hakuna askari aliyeniamuru kufanya hivyo. Mguu ulikuwa wangu. Labda mmoja wao alikuwa anaita. Sitajua, kwa sababu sikutaka kujua."

Halafu akapeleka vitambaa vilikokuwa vinakwenda, vikapokelewa, akatiliwa sahihi. Akarudi Jinja.

"Nilifika nyumbani," akasema, na sasa akanigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Mke wangu akaniuliza, barabara ilikuwaje? Nikasema nzuri. Akanipa maji ya kuoga. Mama Mastula, ulinuna kwamba nimemwambia nesi kabla yako. Nesi nilimwambia kwa sababu hakunijua. Wewe ulikuwa mtu wa mwisho duniani aliyebaki akidhani mimi ni dereva wa vitambaa. Nilitaka mtu mmoja abaki hivyo. Nikikuambia, nitarudi kwa nani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Janepher alikuwa anaangalia dirishani, na niliona kwamba alikuwa amechoka tu.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka njia panda. Pale akasimama akanisubiri.

Jumapili, 18 Juni

Nimekuwa naililia habari hii kama mtoto anayelilia kisu. Sasa ninayo. Nikimtazama anavyokunywa chai, namwona na mguu wake. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Najua."

Pazia bado lipo.

Jumamosi, 24 Juni

Mvua imekwisha, matope yanakauka na kupasuka. Janepher amerudi Mbale jana. Nilimpa koti lake. Akaniambia nimemsemea watu vizuri, nikaona haya, nikaona na furaha. Mkutano sasa ni wa Semei.

Leo mchana nilikuwa nashona sare za shule. Khainza akaingia uani. Hajakanyaga kwangu mwezi mzima. Alisimama mbali na baraza, mikono ndani ya kanga.

"Ile mkutano yenu," akasema. "Inakubali mtu wa nyumba yangu?"

"Inakubali. Masaba anataka?"

"Masaba hataki kitu. Anaongea na ukuta, na mimi hanisemeshi. Mimi ndio nataka kwenda, nisikie vile wanasema." Halafu akauliza, "Wako, ni kweli alisema ile yote ya vita?"

"Alisema."

"Alikuambia wewe?"

"Aliniambia mbele ya watu kumi na wanne."

Alinikazia macho. Niliyatambua yale macho. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi nikitazama nywele za Janepher, na sijawahi kufikiri kwamba kuna siku mtu angenitazama nayo mimi.

"Na wewe ulitaka akuambie peke yako," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ningetosheka hata na hao kumi na nne."

Mubaraka alikuwa ametoka mapema kwenda kupanga madawati. Niliacha sare kwenye cherehani, sindano ndani ya kitambaa, nikavaa viatu. Khainza hakunisubiri, alikwisha tangulia barabarani. Nilitembea upesi mpaka nikamfikia, tukaenda Mpumudde pamoja.